WINDA LA MTOTO MIKONONI MWA WENGINE

Somo la leo ni juu ya nepi za kitambaa, ambazo wazee wetu wa pwani huziita mawinda. Lakini hatutasema juu ya nepi kwa jumla. Twataka kusema juu ya nepi za mtoto ambaye kwa saa kadhaa za mchana hayumo mikononi mwa mama yake, bali yumo mikononi mwa bibi, shangazi, jirani, dada wa kazi, au walezi wa kituo cha kulelea watoto mchana.

Pengine yuko mzee mmoja hapo kikundini anayecheka na kuuliza, je, nepi nayo yataka somo? Yataka, na hata yeye lamhusu, maana mara nyingi mtoto huachwa na babu pia. Mama anayefua nepi za mwanawe kwa mkono wake mwenyewe ajua mengi bila kufundishwa. Ajua mtoto amekojoa mara ngapi, choo kilikuwa cha rangi gani, na ngozi imeanza kuwa nyekundu mahali gani. Nepi inapopita katika mikono ya watu wawili, vitu viwili huweza kupotea njiani. Cha kwanza ni usafi, kwa kuwa kila mmoja adhani mwenziwe ndiye atakayefua. Cha pili ni habari, kwa kuwa mlezi aliyeona damu katika choo cha mtoto, au aliyeona nepi ni kavu tangu asubuhi, hakuambiwa kwamba hilo ni jambo la kusema. Na hii habari ndiyo yenye thamani zaidi, kama tutakavyoona mbele.

Tutazame kwanza maisha yalivyo katika pwani yetu, tangu Somanga na Kilwa Kivinje, Masoko na Songo Songo, mpaka Mchinga na Lindi mjini. Kazi za akina mama hazingoji mtoto akue. Yuko anayefuata bahari. Maji ya bamvua hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, na mwenye kulima mwani au kuchokoa pweza miambani hana budi kuondoka nyumbani mapema, arudi maji yakianza kujaa. Siku za maji mafu aweza kukaa na mtoto wake. Siku za bamvua hawezi. Yuko wa korosho, yuko wa ufuta, yuko mkaanga samaki. Yuko pia mwajiriwa, ambaye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini apewe nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa mbili kwa siku. Siku 84 ni pungufu ya miezi mitatu. Mtoto wa umri huo hukojoa mchana kutwa, wala hachagui mapaja ya kukojolea.

Sasa swali la kwanza la kupatana ni hili: nani atafua? Watu wengi hawalisemi. Mama humwacha mtoto kwa mama mkwe, aondoka mbio kuwahi maji, na jambo la kufua laachwa lijiamulie lenyewe. Mimi nasema waziwazi kwamba mlezi asiyelipwa asifuliwe mzigo huu juu ya ule wa kulea. Sababu yangu si huruma tu. Mlezi anayejua kwamba kila nepi atakayobadili ataifua yeye mwenyewe, hubadili nepi chache. Hilo si ubaya wa moyo. Ni mgongo unaouma, na ndoo ya maji iliyotoka mbali. Nepi iliyolowa hungojwa ilowe zaidi, mtoto hukaa katika mkojo, ngozi hulainika na kuchubuka, na jioni mama amwona mtoto mwekundu mapajani na kumlaumu mlezi, au sabuni, au jicho la watu. Chanzo kilikuwa ni mapatano mabaya.

Basi kazi igawanywe hivi. Mlezi abadili nepi mara tu inapolowa, achote choo akitupe chooni, na nepi yenyewe aitie katika ndoo yenye mfuniko. Kazi yake imekwisha. Kufua ni kwa mama akirudi, au kwa baba, kwani hakuna sheria ya dini wala ya serikali iliyomkataza mwanamume kufua nguo ya mwanawe. Kama mlezi ni dada wa kazi au ni kituo, na kufua kumo katika malipo, basi kutajwe tangu siku ya kwanza, pamoja na sabuni ni ya nani na maji ni ya nani. Mkwe akimwambia mama mumewe kwa adabu, “Shikamoo mama. Nepi kavu zimo kikapuni, chafu utie tu katika ndoo ya kijani, nitafua nikirudi pwani. Nakuomba unihesabie amekojoa mara ngapi,” hapo hakuna aliyevunjiwa heshima, na mambo yote makubwa yamekwisha semwa.

Je, ziachwe nepi ngapi? Mtoto mchanga, tangu siku ya tano ya maisha yake na kuendelea, hulowesha nepi zisizopungua sita kwa mchana na usiku, na wengi huzidi sana. Mama atakayekuwa mbali kwa saa tano aache nepi sita kavu. Nne ni za kazi, na mbili ni za siku ile ambayo tumbo la mtoto limeharibika. Usiache kwa hesabu ya siku njema.

Juu ya kitambaa chenyewe, hatuna haja ya kwenda mbali. Pwani hii yajua pamba tangu zamani sana. Waliofukua magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, wakiongozwa na Neville Chittick, waliokota vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa kati, ambavyo watu wa kale walitumia kusokotea nyuzi. Leo nepi iliyo njema kuliko zote ni kanga ya pamba iliyochakaa. Kanga mpya haifai, kwa sababu ina wanga unaoifanya ngumu, nayo hainywi maji mpaka ifuliwe mara nyingi. Na kanga yenye nyuzi za nailoni haifai hata ikizeeka. Ijaribu hivi: dondoshea tone la maji. Tone likizama mara moja, ni pamba. Likikaa juu kama umande juu ya jani la mgomba, iache iwe ya kujitanda.

Kanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama sentimita 110. Ikate mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, utapata vipande vinne. Pinda kingo ili nyuzi zisitoke, kwa maana uzi mmoja uliotoka waweza kujizungusha katika kidole cha mguu cha mtoto na kukikaza bila mtu kujua. Kipande kimoja kikunjwe mara tatu kwa urefu, kiwe mto wa katikati. Cha pili kikunjwe kwa pembe kama mtandio, kishike kile cha ndani, na ncha zifungwe kiunoni. Mtoto akikojoa kidogo, mlezi huondoa kile cha ndani tu. Pini ni nzuri kwa mama mwenye mkono mzoefu, lakini nyumba nyingi mlezi ni dada yake mtoto, msichana aliyetoka shule, na huyo asipewe pini. Na afunge fundo kwa mbele, wala si kwa nyuma ambako mtoto atalilalia. (Akina bibi hupenda kuuliza, jina la kanga likae upande gani? Kwa majina ninayoyajua mimi, mengine ni ya kumsuta jirani, na huko yatakapokaa ndiko kunakoyastahili.)

Chupi ya plastiki juu ya nepi huzuia mkojo usimfikie mlezi, lakini huzuia hewa pia, na joto la Lindi mnalijua. Ivalishwe kwa muda mfupi tu, kama wakati wa kumbeba njiani. Siku nyingine zote ni bora mlezi apewe kanga yake ya kubebea, iliyo mbali na ile anayosalia. Jambo hili kwetu si dogo. Bibi anayelea mjukuu huku saa ya adhuhuri yakaribia ana wasiwasi wa najisi, na wako waliokataa kulea kwa sababu hiyo tu, ingawa hawakuisema. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani hii, wametofautisha mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na ambaye hajala kitu ila maziwa, nao hutosha kunyunyiziwa maji. Mkojo wa mtoto wa kike huoshwa. Mwenye kutaka maelezo zaidi amwulize sheikh wake. Ninachosema mimi ni kwamba kanga moja ya ziada humwondolea bibi taabu, na mtoto hubadiliwa mapema bila kunung’unikiwa.

Tuje katika kufua, na hapa nawaomba mtege masikio, kwa kuwa lipo kosa kubwa ambalo hata watu wenye elimu hulifanya. Wengi husema kwamba choo cha mtoto mchanga hakina madhara, kwa kuwa mtoto hunywa maziwa tu. Si kweli. Choo cha mtoto chaweza kubeba vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima, na pengine zaidi, kwa kuwa watoto ndio waharao mara nyingi. Wazee wetu wakumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu kama milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza walijifunza juu ya magonjwa, na vijiji vingi vikachimba vyoo. Haifai choo cha mkubwa kiende shimoni na cha mdogo kimwagwe nyuma ya nyumba, ambako nzi hukitembelea na kisha huja katika sahani ya wali. Kichotwe kwa jani au kwa kijiti, kitupwe chooni, na maji ya kwanza ya kusuuza yamwagwe huko huko. Nepi zisisuuzwe mtoni wala bwawani. Hilo huchafua maji ya wenzako, nawe mwenyewe kusimama majini katika mkoa huu ni kujitafutia kichocho.

Mlezi akimaliza kubadili nepi, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chungu, chupa au kijiko cha mtoto. Tundika kibuyu chirizi karibu na mahali pa kubadilia. Dumu dogo lililotobolewa latosha, na sabuni ifungwe kwa kamba kando yake. Maji yakiwa mbali na mkono, mkono hautanawa. Kadhalika karai la nepi lisiwe lile la kuoshea vyombo, hata siku moja.

Ndoo ya kuweka nepi chafu iwe na mfuniko unaobana, kwa sababu tatu. Nzi wasiingie, mbu wasitage, na ya tatu, ambayo watu huisahau, ni kwamba mtoto anayeanza kusimama aweza kuinamia ndoo, akatanguliza kichwa na kufa maji, hata kama maji ni ya kimo cha shubiri. Nepi zilowekwe usiku mmoja, zisizidi siku moja. Na kwa mtoto anayepelekwa kituoni, nepi chafu zirudi nyumbani katika kindoo chenye mfuniko au mfuko wa kitambaa kizito unaofuliwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kusema kweli haikuwa mizuri kwa kazi hii. Nepi mbichi iliyofungwa humo juani ilitoa harufu ya kuangusha abiria.

Shida yetu kubwa ni maji. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi au ya chokaa, na humo sabuni haitoi povu. Sabuni hushikamana na chokaa ya maji ikawa utando mweupe, na utando huo hubaki katika kitambaa. Nepi ikikauka yawa ngumu kama kipande cha kuti, yanywa mkojo kidogo, na yamchubua mtoto. Mama huongeza sabuni akidhani haijatakata, na utando huzidi. Dawa yake ni kutumia sabuni kidogo, kufikicha sana, na kuhifadhi maji matamu au ya mvua kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Ukikamulia ndimu moja katika ndoo ya maji hayo ya mwisho, au kutia siki kidogo, ukali wa sabuni na wa mkojo utapungua. Kisha kamua vizuri. Wala usifue nepi kwa maji ya bahari. Chumvi hubaki katika nyuzi, nayo huvuta unyevu wa hewa, basi nepi haikauki kamwe.

Akina mama wa Kiislamu tayari wana desturi moja njema hapa. Kwanza huondoa ile najisi yenyewe, kisha humimina maji safi juu ya nguo, badala ya kuitumbukiza tu katika maji machache ambayo tayari yamechafuka. Hii ni ibada, na ni elimu ya afya pia. Kumimina ndiko kunakopeleka uchafu chini na mbali. Nepi za mkojo zifuliwe mbali na zile za choo, na mtoto akiwa anaharisha, nepi zake zichemshwe.

Na kufukiza je? Kwetu nguo ya mtoto hutiwa udi au ubani. Harufu ni nzuri, lakini moshi haufui. Tena kifua cha mtoto mchanga hakipendi moshi. Asiyependa kuacha desturi, na afukize kanga zake mwenyewe.

Kuanika kwastahili maneno zaidi kuliko watu wanavyodhani. Katika nchi zetu yuko nzi mmoja wa rangi ya manjano iliyofifia, mnene kuliko nzi wa nyumbani, ambaye hutaga mayai yake katika mchanga wenye harufu ya mkojo na katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini. Kwa siku moja mpaka tatu mayai huanguliwa, na viluwiluwi vidogo sana hungoja ngozi yenye joto. Mtoto avishwapo nepi ile, viluwiluwi huingia ngozini bila yeye kuhisi, na baada ya siku chache huota jipu lenye tundu, na ndani ya jipu mna buu hai. Kwa hiyo nepi isiaanikwe juu ya nyasi, wala juu ya mchanga, wala juu ya ua lililo chini ya mwembe. Ianikwe juu kambani, katika jua kali, ikauke kabisa. Wakati wa masika jua likikosekana, pasi ya mkaa ndiyo mlinzi: pigia pasi pande zote mbili, na hasa katika mapindo ya kingo, ambako unyevu hukaa na mayai hujificha. Kituo kinachoanika nepi ishirini kwenye ua wa miiba nyuma ya nyumba chastahili kuulizwa habari hii kwa upole. Mtoto akitokwa na jipu la namna hiyo, lisiminywe, apelekwe zahanati.

Sasa nasema jambo ambalo laweza kuua, nalo limo ndani ya sanduku la bibi. Mtoto akizaliwa, bibi kwa mapenzi yake hufungua sanduku, hutoa kanga zake laini za zamani, na kumfunga mjukuu. Mara nyingi humo mna vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, naftalini, vilivyowekwa kuzuia mende na nondo. Mvuke wa vidonge hivyo huingia katika kitambaa, na kutoka katika kitambaa huingia katika mwili wa mtoto kwa ngozi na kwa pumzi. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng’enya kimoja cha damu kiitwacho G6PD. Upungufu huo ni wa kurithi, nao ni wa kawaida katika nchi zenye malaria ya tangu zamani, pwani yetu ikiwa mojawapo. Wavulana ndio wanaoathirika zaidi. Kwa mtoto wa namna hiyo naftalini huvunja damu. Macho na ngozi huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na mtoto hulegea. Manjano ikizidi kwa mtoto mchanga huharibu ubongo. Wala kwa kumtazama mtoto huwezi kujua kama ana upungufu huo. Kwa hiyo vidonge hivyo visikae kabisa na nguo za mtoto. Kanga iliyokaa navyo isitumike kwa mtoto mchanga. Ipelekwe kwa kazi nyingine. Mwambieni bibi kwa heshima, maana hakukusudia ila wema, na mpeni kitambaa kingine cha kumfungia mjukuu wake.

Kwa walezi wa vituo nina maneno machache. Kila mtoto awe na alama yake, mathalani uzi wa rangi ulioshonwa katika pembe ya nepi zake zote, ili nepi ya mtoto mwenye upele au kuharisha isiende kwa mwingine. Mkeka au meza ya kubadilia ipanguswe kwa maji ya sabuni baada ya kila mtoto. Vituo hivi viliwekewa sheria yao mwaka 1981, na sasa vimo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Basi mzazi ana haki ya kumwuliza afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake kama kituo kimesajiliwa. Kituo kikisema kwamba chapokea watoto wenye pampasi tu, kisilaumiwe upesi; huenda hakina maji. Ukikipelekea nepi zilizokunjwa tayari, na kindoo chenye mfuniko, na ahadi kwamba hakitafua hata moja, mara nyingi jibu hubadilika. Mimi sipingi pampasi katika safari ya basi kwenda Dar es Salaam. Lakini pampasi ikitupwa chooni hujaza shimo, na ikitupwa mikokoni hukaa pale miaka mingi baada ya mtoto kuwa baba wa watoto.

Iko njia nyingine ya kupunguza nepi, na akina bibi wa pwani waijua vizuri. Bibi hukaa chini, akanyosha miguu, akamkalisha mtoto juu ya miguu hiyo na kumfanyia sauti ya “shuu” mpaka akojoe. Vijana wengine husema huu ni ushamba. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha uchunguzi wa M. W. deVries na mwenziwe juu ya Wadigo wa pwani ya Kenya. Walikuta kwamba mama wa Kidigo huanza kazi hii wiki chache tu baada ya mtoto kuzaliwa, kwa sauti na kwa mkao ule ule, na ifikapo miezi mitano au sita mtoto mara nyingi hukojoa kwa ishara, bila kuadhibiwa wala kukaripiwa. Siri yake ni kwamba ishara ni moja. Kama bibi afanya “shuu” na dada wa kazi amfunga nepi mchana kutwa, mtoto hataelewa lolote. Pataneni.

Turudi sasa katika ile habari niliyosema mwanzo. Uzuri mkubwa wa kitambaa ni kwamba hakifichi. Mkojo ukiwa mdogo waonekana, ukiwa mzito wa rangi kali waonekana, ambapo pampasi hufyonza yote na kubaki nzito vile vile. Mlezi aambiwe mambo haya kwa maneno machache. Mtoto mchanga akikaa saa sita bila kulowesha nepi, hiyo ni hatari, asingojwe mama atoke pwani, apelekwe zahanati. Choo cha majimaji kikija mara kwa mara, maji ya mwili yanakwisha. Macho yakizama, mdomo ukikauka, utosi ukibonyea, au mtoto akilia bila machozi, ni kukimbia. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, na apewe maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyosema, kwani zipo za lita moja na za nusu lita, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14 kama mganga atakavyoagiza. Mtoto aliye chini ya miezi sita asichelewe nyumbani hata kidogo. Damu katika choo ni ya kupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Choo cheupe kama chokaa, kwa mtoto mwenye macho ya manjano, nacho ni cha kupeleka upesi, kwa kuwa huenda njia ya nyongo imeziba, na tiba yake haingoji miezi. Chukueni nepi yenyewe mwende nayo, mkamwonyeshe mganga. Asione haya mtu kufika Kinyonga au Sokoine na nepi chafu mkononi. Yaweza kumwambia daktari mengi kuliko maneno ya watu watatu.

Upele mwekundu wa kawaida hupona kwa kubadili nepi mapema, kuosha kwa maji matupu, kumwacha mtoto bila nepi juu ya kanga safi kwa saa nzima, na kupaka mafuta ya nazi kidogo. Poda isimwagwe, kwa kuwa mtoto huivuta puani. Ukiona wekundu unaong’aa mpaka ndani ya mikunjo ya mapaja, na vijipele vidogo kando yake, huo ni fangasi, wahitaji dawa ya zahanati.

Mlezi asiyejua kuandika atiaje hesabu? Atie kokwa ya ukwaju katika kikombe kila mtoto anapolowesha nepi. Mama akirudi na maji ya bahari bado miguuni, na ahesabu kokwa kabla hajauliza kitu kingine.

Kabla ya somo lijalo, kikundi chenu kizungumze juu ya mambo mawili. Katika kijiji chenu, mlezi hukaa na watoto wangapi siku za bamvua, na maji ya kunawia mikono hutoka wapi? Na katika nyumba zenu, ni masanduku mangapi yenye vidonge vya naftalini? Mwenyekiti aandike majibu, na atakayekuwa na mjukuu mchanga nyumbani alifungue sanduku lake leo jioni, kabla ya magharibi.